Wito wa Rebmann

Kila nipitapo Maungu, karibu na Voi, huutazama mlima Kasigau nikamkumbuka Johannes Rebmann. Mmisionari huyo Mjerumani alifika hapo mwaka 1847, akiamini kwamba Mungu amemwita kuipeleka Injili bara. Mwaka uliofuata alivuka nyika ya Taita, akaiona theluji ya Kilimanjaro. Baadhi ya wataalamu wa London wakamkanusha.

Mwaka 1849 alinuia kufika Unyamwezi. Huko Machame, Mangi Mamkinga alizitwaa bidhaa zake karibu zote, naye akalazimika kurudi pwani. Je, wito ulikuwa umekoma? Yeye hakuamini hivyo. Alikaa Rabai, karibu na Mombasa, waumini wakiwa wachache mno, akakusanya msamiati wa lugha za watu. Kwa msaada wa Salimini, mtumwa aliyetoka pande za Ziwa Nyasa, aliandika kamusi ya Kinyanja. Alifiwa na mkewe, akapofuka, akarejea kwao mwaka 1875 baada ya miaka 29. Alifariki mwaka 1876. Kamusi ilichapishwa mwaka 1877.

Nikiwa mwanaisimu, naijua thamani ya kazi hiyo. Wanafunzi wangu huniuliza watautambuaje wito wao, na aghalabu hungojea ishara kubwa. Naamini kwamba njia inapofungwa, Mungu hajamtupa mja wake. Huenda anamwelekeza kwenye kazi iliyo mbele yake. Mwalimu asiyeona matunda ya jasho lake na asikate tamaa. Rebmann naye hakuiona kamusi yake.