Hukwe Zawose: Mgogo aliyehama na zeze lake

Kila mwaka Mama Kanisa anapoadhimisha Siku ya Wahamiaji na Wakimbizi Duniani, waamini hukumbushwa wajibu wa kumpokea mgeni, kumlinda na kumshirikisha riziki. Wajibu huo una msingi wake katika Injili yenyewe, kwa kuwa Kristo alijitambulisha na mgeni aliyekaribishwa. Hata hivyo, upo upande wa pili wa ukweli huo ambao mara nyingi husahaulika: mgeni haji mikono mitupu. Baba Mtakatifu Fransisko, katika Waraka wake wa Kitume "Fratelli tutti" wa mwaka 2020, alifundisha kwamba watu wanaotoka nchi na tamaduni nyingine wanaweza kuwa zawadi kwa wale wanaowapokea. Zawadi hiyo mara nyingi ni lugha, ngoma, wimbo na ufundi wa mikono.

Sisi tunaoishi Makutupora na maeneo ya jirani tunaufahamu ujio wa wageni. Makutupora, kaskazini mwa jiji la Dodoma, ni mahali panapotoa maji ya visima yanayowanywesha wakazi wa jiji. Kambi yake ya Jeshi la Kujenga Taifa hupokea vijana kutoka pande zote za nchi. Mzabibu wenyewe, unaostawi katika udongo wetu na kutupatia divai, ni mmea mgeni uliofikishwa Ugogo na wamisionari. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, familia nyingi kutoka mikoa mingine zimefanya makazi hapa. Ni vema basi, katika wakati huu ambapo Ugogo inawapokea wengine, kukumbuka maisha ya mwana wa Ugogo ambaye yeye mwenyewe alihama, akapokelewa ugenini, na akaiachia nchi nzima utajiri ambao mpaka leo haujaisha. Huyo ni marehemu Hukwe Ubi Zawose.

Hukwe Zawose alizaliwa karibu na mwaka 1940 katika kijiji cha Doga, mkoani Dodoma. Nchi aliyozaliwa ni nchi ya mvua haba, ya mbuyu na mgunga, ya mtama, uwele na mifugo. Wazee waliomtangulia walikuwa bado wanasimulia njaa kuu iitwayo Mtunya, iliyoikumba Ugogo mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia na kuwatawanya watu wengi kwenda kutafuta chakula kwa majirani. Kuhama halikuwa jambo geni kwa Wagogo. Koo nyingi za Ugogo husimulia kwamba mababu zao walitoka kwa watu wa pande nyingine, wakakutana katika uwanda huu na kuwa kabila moja. Masimulizi ya namna hiyo yaliwahi kukusanywa na mshairi Mkatoliki, Mathias Mnyampala wa Ihumwa, katika kitabu chake kuhusu historia, mila na desturi za Wagogo kilichotoka mwaka 1954. Kwa hiyo hata muziki ambao Hukwe alirithi ulikuwa tayari umechota kutoka visima vingi.

Alijifunza muziki kama watoto wengi wa Kigogo walivyojifunza, nyumbani na machungani, kwa kusikiliza na kuiga. Baba yake alikuwa mfugaji aliyejua kupiga ala, naye ndiye aliyekuwa mwalimu wake wa kwanza. Ala mbili zilimpata moyo wake. Ya kwanza ni zeze, lenye kibuyu, mti na nyuzi, ambalo hupigwa kwa upote. Ya pili ni ilimba, kisanduku cha mbao chenye vijiti vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba. Katika ubao wa ilimba hutobolewa tundu, na tundu hilo huzibwa kwa utando wa buibui ili sauti itoke na mtetemo wake wa pekee. Baadhi ya vijiti vya ilimba havipigwi kamwe. Vimewekwa kati ya vingine ili vitetemeke vyenyewe pale jirani yake anapoguswa, na hivyo kuinenepesha sauti ya ala nzima.

Pamoja na ala hizo alijifunza njuga, filimbi na uimbaji wa Wagogo, ambao sauti zake nyingi hupandana na kuoana kwa namna ambayo wataalamu wa muziki kutoka nchi mbalimbali wamekuja kuichunguza. Yeye mwenyewe alijaliwa koo la ajabu, lililoweza kushuka hadi sauti nzito ya kifua kisha kupanda juu hadi sauti nyembamba kama ya filimbi, bila kuvunja wimbo.

Tanganyika ilipokuwa Jamhuri mwaka 1962, Mtumishi wa Mungu Mwalimu Julius Kambarage Nyerere aliunda wizara iliyopewa jukumu la utamaduni wa taifa, kwa kuwa aliona kwamba ukoloni ulikuwa umewafundisha watu kuzionea haya ngoma zao. Kikundi cha Taifa cha Ngoma kikaundwa, na wasanii wakaanza kutafutwa vijijini. Katika utafutaji huo, mnamo mwaka 1967, Hukwe Zawose aliitwa Dar es Salaam, na inaelezwa kuwa mwaliko huo ulitokana na Mwalimu mwenyewe. Kijana wa Doga akaiacha nchi kavu ya kati, akashuka pwani.

Hapa inafaa kutafakari uzito wa hatua hiyo. Mtu anayetoka kijijini kwenda mjini hukutana na kishawishi cha kuvua alichonacho ili afanane na wenyeji. Katika miaka ile muziki uliotamba mijini ulikuwa wa dansi, wenye magitaa ya umeme na matarumbeta, na pwani ilikuwa na taarab yake. Mpiga zeze kutoka Ugogo angeweza kulitundika zeze lake ukutani na kujifunza kazi nyingine. Waamini wanaifahamu Zaburi ya 137, inayowaonesha Waisraeli uhamishoni Babeli wakiwa wametundika vinubi vyao mitini kwa huzuni, wakijiuliza namna ya kuimba katika nchi ya ugeni. Swali lile ni la kila mhamiaji na kila mkimbizi. Hukwe Zawose alilijibu kwa kutolitundika zeze. Aliendelea kuimba kwa Kigogo, na pia akatunga kwa Kiswahili ili Mzaramo, Mmakonde na Mhaya waliokuwa pamoja naye wapate kuelewa alichokuwa akisema.

Wala hakuushika urithi wake kama kitu kilichogandishwa. Katika kikundi cha taifa aliishi na wapiga ngoma wa makabila mengi, akajifunza kwao nao wakajifunza kwake. Ilimba aliyoitumia ikawa kubwa na yenye vijiti vingi kuliko zile za kawaida za kijijini, hata ikaweza kujaza ukumbi mzima. Nyimbo zilizokuwa za machungani, za sherehe za jando na za mavuno zikapata kusikika jukwaani mbele ya watu ambao hawakuwahi kufika Ugogo. Baadaye, Chuo cha Sanaa kilipoanzishwa Bagamoyo mwaka 1981, Hukwe alikuwa miongoni mwa wale waliofundisha hapo. Chuo hicho ndicho kinachojulikana leo kama Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Mtu ambaye mafunzo yake yalianzia machungani akawa mwalimu wa vijana kutoka kila pembe ya nchi, na pia wa wageni waliotoka ng'ambo kuja kujifunza.

Bagamoyo si jina dogo katika historia ya Kanisa letu. Mwaka 1868 wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha hapo misheni, wakajenga kijiji cha watumwa waliokombolewa, na kutoka hapo Injili ikaelekea bara. Bagamoyo ilikuwa pia mwisho wa njia ya misafara ya karne ya 19 iliyopita katikati ya Ugogo. Wapagazi walivuka uwanda wetu wakiwa na pembe za ndovu mabegani, na watumwa walivutwa kwa minyororo kwenda kuuzwa. Wengi waliosafiri njia ile hawakupewa nafasi ya kuchagua. Karibu miaka mia moja baadaye Mgogo mmoja akaifuata njia ileile kuelekea pwani akiwa mtu huru, amebeba mzigo wake mwenyewe wa zeze na ilimba, akafanya Bagamoyo kuwa nyumbani.

Kutoka hapo sanaa yake ilivuka bahari. Katika miaka ya 1980 alirekodiwa Ulaya na Japani, akiongozana na wanamuziki wenzake wa Tanzania. Mwanamuziki wa Uingereza Peter Gabriel alimkaribisha katika matamasha ya WOMAD, na mwaka 1996 kampuni ya Real World ikatoa albamu yake iitwayo Chibite, neno la Kigogo lenye maana ya "twende". Katika kazi hiyo alishirikiana na mpwa wake, Charles Zawose. Mwaka 2002 ikatoka albamu nyingine, Assembly, aliyoifanya pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada. Wasikilizaji wa mataifa hayo hawakujua Kigogo, lakini waliutambua ufundi wa hali ya juu, na kwa njia yake wakalifahamu jina la Wagogo.

Tukio hili si la pekee katika nchi yetu. Wachonga vinyago Wamakonde waliovuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji, wengine wakitafuta kazi na wengine wakikimbia vita, walileta ufundi wa mpingo ambao leo dunia nzima huuhesabu kuwa fahari ya Tanzania. Remmy Ongala, aliyezaliwa Kongo mwaka 1947, alifika Dar es Salaam mwaka 1978, na kwa miaka mingi akawaimbia Watanzania juu ya umaskini na kifo kwa Kiswahili walichokiona kuwa chao kabisa. Nchi iliyowapokea haikupungukiwa na kitu. Iliongezewa.

Hata hivyo, haki inatudai tuseme pia juu ya gharama. Anayeondoka huacha pengo. Ugogo ilimtoa mwalimu ambaye angeweza kuwafundisha watoto wa Doga, na watoto wake mwenyewe wakakulia kando ya bahari, mbali na mifugo na mvua ambazo nyimbo zile ziliziimba. Hukwe alikabiliana na hasara hiyo kwa kuigeuza nyumba yake kuwa shule. Ukoo wake mkubwa ulioishi Bagamoyo ulipiga, uliimba na kucheza pamoja, vizazi viwili na vitatu katika uwanja mmoja, hata mtoto aliyezaliwa pwani akakua akiijua ilimba.

Hukwe Zawose aliaga dunia Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003. Mwaka uliofuata Charles naye akafariki dunia, na wengi wakahofu kwamba kazi ile imefikia kikomo. Haikuwa hivyo. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, wakijulikana kama The Zawose Queens, walitoa albamu yao iitwayo Maisha. Katika desturi ya zamani wanawake wa Kigogo walikuwa mahodari wa ngoma ya muheme, lakini zeze na ilimba zilihesabiwa kuwa ala za wanaume. Binti na mjukuu sasa wanazipiga mbele ya watu. Hivyo urithi uliohama umeendelea kukua hata katika mambo ambayo mwenye kuuleta hakuyapanga.

Maisha haya yana fundisho kwa jumuiya zetu. Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikani, katika Konstitusio juu ya Liturujia Takatifu ya mwaka 1963, walielekeza kwamba mapokeo ya muziki ya watu yapewe heshima na nafasi inayostahili katika malezi na katika ibada. Agizo hilo huwa na uzito mpya pale parokia inapokuwa na waamini kutoka makabila kumi au ishirini. Wenyeji wanaweza kumnyamazisha mgeni kwa kumtaka aimbe kama wao tu. Wageni nao, wakiwa wengi na wenye vyombo vya kisasa, wanaweza kumnyamazisha mwenyeji hata muheme usisikike tena katika kanisa lililojengwa juu ya ardhi ya Wagogo. Yote mawili ni upotevu wa tunu ambazo Mungu amewajalia watu wake.

Ndugu waamini, katika jumuiya ndogondogo za Kikristo za Makutupora wamo watu waliofika mwaka huu na ambao bado hawajaulizwa wanachojua kuimba. Viongozi wa kwaya na wa jumuiya wawaulize. Wapewe siku katika mazoezi wawafundishe wengine wimbo mmoja wa kwao, na wao wafundishwe wimbo mmoja wa Kigogo, pamoja na maana ya maneno yake. Wazee wanaojua kutengeneza zeze na ilimba waombwe kuwafundisha vijana wa parokia wangali wana nguvu. Marehemu Hukwe Zawose alipokelewa pwani na watu wasiojua lugha yake, wakampa nafasi ya kukaa na kupiga ala yake. Nasi tuwape nafasi hiyo wanaofika kwetu.