Pierre Flourens na Njiwa Asiyeweza Kusimama

Wengi wetu twamjua Victor Hugo, mtungaji mashuhuri wa Ufaransa. Ni wachache wajuao ya kuwa mwaka 1840 alishindwa kupata kiti katika Akademia ya Ufaransa, na kiti hicho akapewa mpasuaji wa njiwa.

Mpasuaji huyo ni Pierre Flourens. Alizaliwa tarehe 13 Aprili, 1794, katika kijiji cha Maureilhan, kusini ya Ufaransa. Alisomea udaktari mjini Montpellier akapata shahada yake mwaka 1813, naye ana miaka 19 tu, yaani miwili zaidi ya miaka yangu mimi niandikaye haya. Mwaka uliofuata akaenda Paris na barua ya kumjulisha kwa bingwa Cuvier.

Siku zile Daktari Gall alikuwa akifundisha ya kuwa tabia ya mtu yaweza kujulikana kwa kupapasa vinundu vya kichwa chake, na wengi walimsadiki. Flourens hakuridhika. Akatwaa njiwa, akamfungua fuvu, akaanza kuuondoa ule ubongo mdogo ulioko kisogoni, tabaka baada ya tabaka. Kwanza njiwa akalegea kidogo, kisha akayumba kama mlevi, na mwisho hakuweza kuruka, kutembea wala kusimama. Walakini hakupooza, aliona na kusikia. Alipolazwa chali na kutishwa kwa pigo, aliliona likija, akajitupatupa ili akwepe, asiweze. Basi Flourens akatambua ya kuwa kazi ya ubongo mdogo ni kuupatanisha mwendo wa viungo. Habari hizo alizitoa katika kitabu mwaka 1824.

Siwezi kuzisoma bila kumhurumia ndege yule, kwani dawa za kuzuia maumivu zilikuwa bado kutumika katika upasuaji. Mwaka 1847 Flourens mwenyewe alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuijaribu klorofomu juu ya wanyama.

Akashuka chini zaidi, kwenye shina la ubongo, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo. Mwaka 1812 Legallois alikwisha onyesha ya kuwa pumzi hutawaliwa huko. Flourens akapatafuta mpaka akapata mahali padogo mno ambapo pakiharibiwa mnyama huacha kupumua papo hapo.

Alikosea pia. Alishikilia ya kuwa ubongo mkubwa hufanya kazi wote pamoja, bila sehemu zake kugawana kazi. Alifariki mwaka 1867, na mwaka 1870 Fritsch na Hitzig wa Ujerumani wakaonyesha sivyo.

Siku hizi wataalamu wamerudi pale pale alipopasua. Mwaka 1943 Daktari Leo Kanner, katika Marekani, alieleza hali iitwayo usonji. Watoto wengi wenye hali hiyo hupata taabu kushika kalamu au kudaka mpira. Wachunguzi hupiga picha za shina la ubongo ili waone kama taabu hiyo yatoka huko, na katika ubongo mdogo wa baadhi ya marehemu waliokuwa na usonji wamekuta chembe ziitwazo Purkinje zimepungua. Kazi hiyo haijakwisha.

Nyumbani kwetu yuko mtoto wa shangazi yangu mwenye usonji. Ana miaka 10, na vifungo vya shati hufungwa na mamake. Sisi tulimwita mvivu. Niliposoma habari za njiwa aliyeliona pigo asiweze kulikwepa, niliukumbuka mpira tuliokuwa tukimrushia, na jinsi alivyokuwa akiutazama ukija.