Theodor Bilharz

Theodor Maximilian Bilharz (Sigmaringen, Ujerumani, 23 Machi 1825 – Kairo, Misri, 9 Mei 1862) alikuwa daktari na mwanaanatomia Mjerumani aliyegundua mnyoo unaosababisha kichocho cha mkojo, ugonjwa unaoitwa pia bilhazia kwa kufuata jina lake. Ugunduzi wake ulifungua njia ya kupima mkojo kwa hadubini ili kujua damu iliyomo imetoka wapi. Miongo kadhaa baada ya kifo chake, ulisaidia kueleza aina ya saratani ya kibofu inayoonekana zaidi Misri na Afrika Mashariki kuliko Ulaya.

Maisha ya awali

Bilharz alizaliwa katika mji mdogo wa Sigmaringen, kusini mwa Ujerumani. Alisoma Freiburg, ambako mwanazuolojia Carl Theodor von Siebold alimfundisha kupenda wanyama wadogo wasio na uti wa mgongo, na pia Tübingen, alikosomea udaktari. Mwaka 1850 mwalimu wake mwingine, Wilhelm Griesinger, aliitwa Misri kuwa daktari wa mtawala Abbas wa Kwanza na kusimamia mambo ya tiba nchini humo. Griesinger alimchukua Bilharz awe msaidizi wake. Kijana huyo alikuwa na umri wa miaka 25.

Ugunduzi wa mwaka 1851

Alifanya kazi katika hospitali ya Kasr el-Aini mjini Kairo, iliyokuwa pia shule ya udaktari. Kukojoa damu kulikuwa kumezoeleka sana Misri. Askari wa Napoleon walikuwa wameupata ugonjwa huo tangu mwisho wa karne ya 18, na wavulana wa vijijini waliuchukulia kama sehemu ya kukua. Hakuna aliyejua chanzo chake.

Katika kupasua maiti, Bilharz aliona minyoo myeupe ndani ya damu ya mshipa mkubwa unaoingia kwenye ini. Mwanzoni aliwatambua madume tu. Baadaye aligundua kwamba uzi mwembamba uliolala katika mfereji wa mwili wa dume ulikuwa ni jike lenyewe, jambo ambalo halikuwa limeonekana kwa minyoo wa jamii hiyo. Alimwandikia Siebold barua kuhusu habari hizo kuanzia Mei 1851, na mwaka uliofuata zikachapishwa katika jarida la zuolojia la Ujerumani. Alimwita mnyoo huyo Distomum haematobium.

Hakuishia kwenye mnyoo. Alichunguza kuta za vibofu zilizovimba na kutoa damu, akakuta mayai yenye mwiba yamenasa ndani yake. Hivyo damu, mayai na mnyoo vikaunganishwa kuwa ugonjwa mmoja. Griesinger aliandika mwaka 1854 kwamba katika maiti 363 walizopasua, 117 zilikuwa na ugonjwa huo.

Msomaji asidhani kwamba Bilharz alielewa kila kitu. Hakujua mnyoo huingiaje mwilini. Swali hilo lilijibiwa mwaka 1915, Robert Leiper alipoonyesha huko Misri kwamba viluwiluwi vyake hukua ndani ya konokono wa maji baridi, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu aliye majini. Bilharz aliona pia mayai ya aina mbili, mengine yenye mwiba ncha ya mwisho na mengine yenye mwiba ubavuni, lakini aliyahesabu kuwa ya mnyoo mmoja. Leo inajulikana kwamba yale ya mwiba wa ubavuni ni ya mnyoo wa kichocho cha tumbo.

Kazi nyingine na kifo

Griesinger alirudi Ulaya mwaka 1852, lakini Bilharz alibaki. Alipandishwa cheo hospitalini, na mwaka 1856 akawa profesa wa anatomia. Aliandika kitabu kuhusu kiungo cha umeme cha kambare wa mto Nile, kazi ambayo wakati ule ilimpa heshima pengine zaidi ya ile ya mnyoo.

Mwaka 1862 alifuatana na Ernst wa Pili, mtawala wa Saxe-Coburg na Gotha, katika safari ya kwenda Massawa, bandari ya Bahari ya Shamu iliyopo leo nchini Eritrea. Katika safari hiyo aliugua homa kali, akafariki baada ya kurudi Kairo. Alikuwa na miaka 37.

Jina lake

Mwaka 1856 Heinrich Meckel von Hemsbach alipendekeza mnyoo aitwe Bilharzia. Miaka miwili baadaye David Weinland alitoa jina la Schistosoma, ambalo ndilo rasmi hadi leo. Hata hivyo madaktari na wagonjwa wengi hawakuliacha jina la kwanza. Huko Giza, Misri, kuna taasisi ya utafiti inayoitwa kwa jina lake.

Kutoka kichocho hadi saratani

Mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari waliokuwa Misri walianza kuona kwamba wagonjwa wengi wa saratani ya kibofu walikuwa pia na kichocho. Mwaka 1911 Alexander Ferguson, mwalimu wa patholojia Kasr el-Aini, alieleza wagonjwa 40 wa namna hiyo. Mayai yaliyonasa kwenye ukuta wa kibofu husababisha uvimbe na makovu kwa miaka mingi, na seli zinazojirudishia upya mara kwa mara mwishowe huweza kuharibika zikawa za saratani. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilimweka mnyoo huyo katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu vilivyothibitishwa. Ulaya na Marekani chanzo kikubwa cha saratani ya kibofu ni uvutaji wa tumbaku, na kwa kawaida aina ya seli zake ni nyingine.

Upimaji wa mkojo

Mkojo unaweza kujibu maswali mawili, na hapa wengi huchanganya. La kwanza ni kama mtu ana kichocho. Mililita 10 za mkojo huchujwa na mayai kuhesabiwa kwa hadubini. Yakifika 50 au zaidi, maambukizi huhesabiwa kuwa makali. Mkojo unaofaa ni wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, maana ndipo mayai hutoka kwa wingi. Kuna pia karatasi ndogo ya kuchovya inayobadilika rangi ikikuta damu isiyoonekana kwa macho.

Swali la pili ni kama kuna saratani, na yai haliwezi kulijibu. Mwaka 1945 George Papanicolaou na Victor Marshall walionyesha huko New York kwamba seli za saratani hudondoka katika mkojo na zinaweza kutambuliwa kwa hadubini. Kipimo hicho bado kinatumika, ingawa kinaweza kukosa uvimbe mdogo, na uthibitisho huhitaji kuchungulia kibofu na kukata kipande cha nyama. Mtu mzima aliyeugua kichocho utotoni anaweza kuwa na saratani bila yai hata moja kuonekana. Kwa hiyo mkojo wenye damu usio na mayai haupaswi kufungiwa faili, hasa ikiwa damu hutoka bila maumivu.

Kichocho Dar es Salaam

Tanzania huhesabiwa kuwa ya pili barani Afrika, baada ya Nigeria, kwa wingi wa wagonjwa wa kichocho. Ugonjwa huo si wa vijijini tu. Katika miaka ya 1980 watafiti walionyesha kwamba kichocho cha mkojo kilikuwa kinaambukizwa ndani ya jiji la Dar es Salaam lenyewe. Konokono wanaombeba hupenda madimbwi na mifereji yenye maji yaendayo polepole, na maeneo ya namna hiyo yapo katika bonde la Msimbazi upande wa Kinondoni na bonde la Kizinga upande wa Temeke, ambako watu hulima mchicha na mpunga na watoto huoga.

Dawa ya prazikwanteli hutolewa kwa wanafunzi wa shule za msingi katika kampeni za umma. Huua minyoo, lakini haimkingi mtoto anayerudi mtoni, wala haiondoi makovu ya zamani kwenye kibofu cha baba yake. Huyo wa pili hapati dawa shuleni, na mara nyingi hufika hospitali ya Temeke, Mwananyamala au Muhimbili akiwa amekojoa damu kwa miezi mingi.