Jay Miner: Fundi aliyeacha alama ya mguu wa mbwa wake ndani ya kompyuta

Leo unacheza gemu kwa simu, muziki unapiga, meseji zinaingia, na huoni ajabu yoyote. Lakini kuna Mmarekani aliyefariki kabla wengi wenu hamjazaliwa, ambaye alihangaika sana hadi kompyuta ya nyumbani ikaweza kufanya mambo kama hayo kwa pamoja.

Jina lake ni Jay Miner. Alizaliwa mwaka wa 1932 huko Prescott, Arizona. Alihudumu katika jeshi la walinzi wa pwani, kisha akasomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na kuhitimu 1958.

Nyota yake iling'aa akiwa Atari. Huko alisaidia kuunda chipu iliyochora picha za mashine ya gemu ya Atari 2600, iliyotoka 1977. Sasa sikia hii: mashine nzima ilikuwa na memori ya baiti 128 pekee. SMS moja iliyojaa haingetoshea!

Kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kuweka picha nzima, ilichora mstari mmoja mmoja huku TV ikionyesha. Na iliweza kubeba wahusika wawili tu wakuu kwa mstari. Ndiyo maana Pac-Man ilipofika kwenye mashine hiyo 1982, yale mazimwi manne yalikuwa yanapepesa kama taa inayotaka kuungua. Yalionyeshwa kwa zamu, ati.

Miner akataka kuunda kompyuta kubwa zaidi, yenye prosesa ya Motorola 68000. Wakubwa wa Atari wakamkatalia. Jamaa akaondoka.

Mwaka wa 1982 akajiunga na kampuni changa iliyokuja kuitwa Amiga. Mchana waliuza vijiti vya kuchezea gemu ili kupata hela. Kazi yenyewe iliendelea chini ya maji. Kufikia 1984 mfuko ulikuwa mtupu. Wakakopa dola 500,000 kutoka kwa nani? Atari! Wasipolipa kufikia mwisho wa Juni, jasho lao lingeenda. Commodore ikaingilia kati, deni likarudishwa, na mwaka huo huo Commodore ikanunua kampuni.

Amiga 1000 ilizinduliwa New York tarehe 23 Julai 1985, msanii Andy Warhol akipaka rangi picha ya mwimbaji Debbie Harry jukwaani. Rangi 4,096, sauti chaneli nne, programu kadhaa zikienda pamoja. Si mchezo.

Lakini usidhani ilikuwa bila kasoro. Miner na wenzake waliiunda ifanye kazi na TV ya kawaida. Ukitaka picha safi yenye mistari 400, ilichora mistari ya kwanza, ya tatu, ya tano, halafu ikarudi kuchora iliyobaki. Kwa hivyo kila mstari ulichorwa upya mara 30 tu kwa sekunde, na mistari myembamba ikapepesa hadi macho yakauma. Kwa gemu na video ilikuwa poa. Kwa mtu wa ofisi anayeandika barua kutwa, noma. Watu walinunua vifaa vya ziada kuzuia hali hiyo, hadi Amiga 3000 ilipokuja 1990 na dawa yake ndani.

Kwa upande wa printa, Amiga ilikuwa mbele. Kwenye kompyuta za DOS, kila programu ilibidi ijue printa yako kivyake. Kwenye Amiga ulichagua printa yako mara moja, na programu zikaitumia. Hivyo ndivyo unavyochapisha leo, lakini wakati huo wengi walikuwa bado wanasumbuka.

Miaka hiyo yote figo za Miner zilikuwa zinamsumbua. Baadaye alienda kuunda chipu za vifaa vinavyowekwa ndani ya mwili kurekebisha mapigo ya moyo. Aprili 1994 Commodore ikafilisika. Tarehe 20 Juni, hata miezi miwili haijaisha, Miner naye akafariki, akiwa na umri wa miaka 62.

Kampuni iliyomiliki kazi yake haipo. Lakini fungua kifuniko cha Amiga 1000 utazame upande wa ndani. Utakuta saini za timu nzima zimechongwa kwenye plastiki, na kando yake alama ya mguu wa Mitchy, mbwa aliyemfuata Miner kazini kila siku.

Wewe unayekodi, unayechora au kutengeneza biti kwa jina la kampuni ya mwenyewe, kumbuka hilo. Hela watashika wao, lakini tafuta pahali pa kuweka saini yako.