Kamerlingh Onnes, mwanasayansi aliyelaumu uchafu

Waundaji wa kompyuta za kwanta wana adui mdogo mno. Juu ya metali inayopitisha umeme bila ukinzani hunata molekuli za oksijeni kutoka hewani, kila moja ikiwa kama sumaku ndogo inayogeukageuka na kuvuruga chombo. Kelele hiyo iliwatatiza wataalamu tangu miaka ya 1980, na ushahidi dhidi ya oksijeni ukatolewa mwaka wa 2016.

Heike Kamerlingh Onnes, mgunduzi wa hali hiyo ya umeme, naye alisumbuliwa na uchafu, ingawa wa namna nyingine.

Alizaliwa Septemba 21, 1853, mjini Groningen, Uholanzi, na mwaka wa 1882 akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Leiden. Mitungi yake ya gesi iliwatia hofu wakazi, ambao hawakuwa wamesahau meli ya baruti iliyolipuka mjini humo mwaka wa 1807. Kazi ilisimamishwa mwaka wa 1895 na kukwama kwa muda mrefu. Hata hivyo, Julai 10, 1908, aliigeuza heliamu kuwa kiowevu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya, katika baridi ya takriban nyuzi 269 chini ya sufuri.

Kisha akaupima umeme katika baridi hiyo. Platini na dhahabu zilibakiza ukinzani kidogo, naye akaulaumu uchafu uliomo ndani yake. Ndipo akachagua zebaki, kwa kuwa huweza kukenekwa tena na tena hadi itakate. Aprili 8, 1911, ukinzani wa zebaki ulitoweka. Aliyesoma vipimo alikuwa msaidizi wake, Gilles Holst, lakini ripoti zilichapishwa kwa jina la profesa peke yake. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya maabara zama hizo, japo si haki.

Ajabu ni kwamba hata zebaki iliyochanganywa na metali nyingine ilipoteza ukinzani. Usafi haukuwa siri yenyewe! Kufikia mwisho wa 1912 risasi na bati zilifanya vivyo hivyo. Mwaka wa 1913 akatunukiwa Tuzo ya Nobel.

Alitamani kuunda sumaku zenye nguvu kuu kwa nyaya hizo, ila akagundua kuwa nguvu ya sumaku yenyewe, hata isiyo kubwa, huirejeshea risasi ukinzani wake. Alifariki Februari 21, 1926, mjini Leiden, bila kuziona sumaku hizo.