Sontonga, mwalimu wa kwaya ambaye wimbo wake ulivuka mipaka

Lori likitoka Tunduma na kuingia Nakonde, shilingi inageuka kwacha na bendera iliyo mlingotini ni nyingine. Lakini siku ya sherehe ya taifa, Mtanzania na Mzambia husimama wima kwa mahadhi yale yale. Kila mmoja ana maneno yake, ila tuni ni moja, nayo ilitungwa na mwalimu wa shule ambaye hakuwahi kuiona nchi yoyote kati ya hizo mbili ikiwa huru.

Enoch Mankayi Sontonga alizaliwa karibu mwaka 1873 huko Uitenhage, katika Rasi ya Mashariki ya Afrika Kusini, kwenye jamii ya Waxhosa. Alisomea ualimu katika chuo cha Lovedale, kisha akapelekwa kufundisha shule ya misheni ya Wamethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg. Alimwoa Diana Mgqibisa, binti wa mchungaji, wakapata mtoto mmoja wa kiume. Mbali na ualimu, Sontonga alikuwa mpiga picha, mhubiri na kiongozi wa kwaya.

Mwaka 1897 alitunga ubeti wa kwanza na kiitikio cha wimbo aliouita Nkosi Sikelel' iAfrika, yaani Mungu ibariki Afrika. Aliutunga kwa ajili ya kwaya ya wanafunzi wake. Miaka miwili baadaye uliimbwa hadharani kwa mara ya kwanza, mchungaji mmoja wa Kiafrika alipowekewa mikono. Johannesburg ya wakati huo ilikuwa mji wa dhahabu, wenye vibarua waliotoka makabila na nchi nyingi. Wimbo wa Sontonga uliomba baraka kwa bara zima bila kutaja kabila wala chifu, na kila aliyeusikia aliweza kuuita wake.

Nyimbo zake aliziandika kwenye daftari, na viongozi wengine wa kwaya walikuwa wakiliazima. Alitamani kuzichapisha, lakini alifariki tarehe 18 Aprili 1905, akiwa na umri wa miaka 32 hivi. Daftari lenyewe lilipotea baadaye. Husimuliwa kuwa mjane wake aliuza haki za wimbo huo kwa senti sita za Kiingereza, yaani nusu shilingi. Diana alifariki mwaka 1929.

Wimbo uliendelea na safari bila mwenyewe. Kwaya ya shule ya Ohlange, iliyoanzishwa na John Dube, iliutangaza katika maonyesho yake. Tarehe 8 Januari 1912 uliimbwa Bloemfontein, kwenye mkutano wa kuanzisha chama kilichokuja kuitwa ANC. Sol Plaatje aliurekodi London mwaka 1923, na mwaka 1927 mshairi S.E.K. Mqhayi akauongezea beti saba.

Chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi, serikali ilikuwa na wimbo wake na bendera yake. Waafrika wengi hawakuviona vitu hivyo kuwa vyao, wakausimamia wimbo wa Sontonga kana kwamba tayari walikuwa na taifa. Tarehe 9 Agosti 1956, maelfu ya wanawake walioandamana hadi Pretoria kupinga pasi waliuimba mbele ya majengo ya serikali.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 iliuchukua kwa maneno ya Kiswahili. Zambia ilichukua mahadhi hayo na kuyatungia maneno mapya, nayo Zimbabwe iliutumia kuanzia 1980 hadi 1994. Afrika Kusini yenyewe, nchi ya mtunzi, iliufanya wimbo wa taifa mwaka 1994, mwaka ambao bendera mpya ilipandishwa. Tangu 1997 umeunganishwa na sehemu ya wimbo wa zamani, na huimbwa kwa lugha tano.

Kwa miaka mingi hakuna aliyejua Sontonga alizikwa wapi. Walioanza kulitafuta kaburi lake waliligundua katika makaburi ya Braamfontein, Johannesburg, baada ya kutambua kuwa daftari la maziko lilimwandika kwa jina moja tu: Enoch. Tarehe 24 Septemba 1996, Rais Nelson Mandela alizindua mnara mahali hapo, na kaburi likatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Wakati huo wimbo ulikuwa na umri wa miaka 99.