Franz Liszt: mtu aliyeibeba okestra nzima kwa vidole kumi

Siku hizi mtu anayetaka kusikia simfoni ya Beethoven anaitafuta kwenye simu au anasubiri kipindi cha redio. Miaka 180 iliyopita mambo hayakuwa hivyo. Redio haikuwepo, santuri haikuwepo, kanda haikuwepo. Ili simfoni isikike, wanamuziki hamsini, sitini au zaidi walipaswa kukaa katika ukumbi mmoja, na watu hao walipatikana kwenye miji mikubwa na majumba ya wakubwa tu. Mkazi wa mji mdogo Ulaya aliweza kuishi hadi kufa akilijua jina la Beethoven bila kuwahi kuzisikia simfoni zake.

Katika makala hii tunaeleza maisha ya Franz Liszt, mpiga piano aliyejaribu kuliziba pengo hilo kwa mikono yake miwili.

Mtoto wa msimamizi wa kondoo

Liszt alizaliwa tarehe 22 Oktoba 1811 katika kijiji cha Raiding. Wakati ule kijiji hicho kilikuwa Hungaria, leo kiko Austria. Baba yake, Adam Liszt, alikuwa mwajiriwa wa familia tajiri ya Esterházy, na kazi yake ilikuwa kusimamia mifugo yao ya kondoo. Lakini Adam alipenda muziki sana, na yeye ndiye aliyemwanzishia mwanawe piano.

Kijana alijifunza haraka mno. Alipofika umri wa miaka 9 alikuwa tayari anapiga mbele ya watu, na wenye uwezo wakachanga fedha ili asome. Mwaka 1822 familia ilihamia Vienna. Huko alifundishwa na Carl Czerny, ambaye mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa Beethoven. Czerny alimfundisha bila malipo. Kwa hiyo Liszt hakumjua Beethoven kwa kusoma nota zake tu, bali alipokea mikononi mwa mtu aliyekaa naye.

Mwaka uliofuata walikwenda Paris. Chuo kikuu cha muziki cha huko kilimkataa kwa sababu hakuwa Mfaransa. Mwaka 1827 baba yake akafariki, na Liszt, akiwa na miaka 15, akaanza kufundisha piano ili yeye na mama yake wapate riziki.

Alipoanza kuandika simfoni kwa piano

Mwezi Desemba 1830 Liszt alihudhuria onyesho la simfoni mpya ya rafiki yake Hector Berlioz, inayojulikana kwa jina la Symphonie fantastique. Ilikuwa kazi kubwa na ya ajabu, iliyohitaji okestra nzito. Nota zake kamili hazikuchapishwa kwa miaka mingi, hivyo watu wa nje ya Paris hawakuwa na njia ya kuijua.

Liszt aliiandika upya yote ili mtu mmoja aweze kuipiga kwa piano, na mwaka 1834 akaichapisha kwa fedha zake mwenyewe. Matokeo yake yalionekana mapema. Mwaka 1835 mtunzi wa Ujerumani, Robert Schumann, aliandika uchambuzi mrefu wa simfoni hiyo bila kuwa na nota za okestra. Alichokuwa nacho mezani ni kitabu cha Liszt. Kazi ya Berlioz ilivuka mpaka kupitia piano.

Baada ya hapo Liszt alimgeukia Beethoven. Alianza na Simfoni ya 5, ya 6 na ya 7, na mwaka 1840 mbili za kwanza zilitoka madukani.

Ugumu wenyewe uko wapi?

Msikilizaji anayeijua kwaya ya kanisani anaweza kulielewa jambo hili. Mpiga kinanda anapofundisha kwaya hupiga soprano, alto, teno na besi kwa pamoja, vidole vyake vikigawana sauti nne. Sasa fikiria sauti hizo zikiwa kumi na tano: fidla za juu na za chini, filimbi, tarumbeta na ngoma, kila moja ikisema lake. Vidole ni vilevile kumi.

Tatizo la pili ni piano yenyewe. Ukibonyeza kibao, nyundo ndogo hupiga uzi, na papo hapo sauti huanza kufifia. Mpiga fidla anaweza kuishika sauti moja na kuikuza hadi ijae ukumbi. Mpiga piano hawezi. Sauti ikishatoka, haikuzwi tena.

Liszt alitafuta njia. Mahali ambapo fidla zinatetemesha sauti, alivifanya vidole vipokezane haraka ili uzi usipate nafasi ya kunyamaza. Mahali panapohitaji sauti nzito ya chini iendelee wakati mikono imekwenda juu, alitumia kanyagio la mguu. Mara kwa mara aliandika juu ya nota jina la ala iliyopaswa kusikika, ili mpigaji ajue kwamba hapa anaiga filimbi na pale anaiga tarumbeta.

Simfoni ya 6 ni mfano mzuri, na huenda wasikilizaji wetu wa vijijini wataipenda kuliko nyingine. Beethoven alieleza ndani yake maisha ya shamba: kijito, ndege, wanakijiji wakicheza ngoma, mvua ya radi, halafu wimbo wa mchungaji baada ya mvua. Katika mvua ile, fidla kubwa za chini hunguruma na ngoma husikika kwa mara ya kwanza katika simfoni hiyo. Kwa piano, mkono wa kushoto peke yake ndio unaobeba ngurumo, huku wa kulia ukiruka huku na huku kutafuta radi na upepo.

Lakini ugumu mkubwa kuliko yote ni kuchagua. Nota zote za okestra haziwezi kuingia mikononi, kwa hiyo nyingine lazima ziachwe. Ukiacha zisizostahili kuachwa, unabaki na mifupa. Ukiacha chache mno, mpigaji anashindwa. Liszt alijulikana kwa kuongeza mapambo katika nyimbo za watu wengine. Kwa Beethoven alijizuia. Hapa hakutaka kuonyesha ufundi wake, alitaka Beethoven asikike.

Miaka ya safari

Kuanzia mwaka 1839 hadi 1847 Liszt alizunguka Ulaya, kuanzia Hispania na Ureno hadi Urusi na Uturuki. Mwezi Juni 1840, mjini London, alitoa onyesho akiwa peke yake jukwaani. Siku hizi ni jambo la kawaida, lakini wakati ule mpiga piano alizoea kupokezana na waimbaji na wanamuziki wengine. Katika onyesho hilo alipiga sehemu za Simfoni ya 6. Mji wa Bonn ulipopungukiwa fedha za kumjengea Beethoven sanamu, Liszt alitoa fedha zake, na sanamu ilizinduliwa mwaka 1845.

Mwaka 1847, akiwa na miaka 35 tu na jina lake likiwa juu kuliko la mpiga piano yeyote, aliacha maonyesho ya kulipwa. Alikwenda Weimar, Ujerumani, kutunga na kuongoza okestra.

Simfoni ya 9

Mwanzoni mwa miaka ya 1860 Liszt alikuwa Roma, na huo ulikuwa wakati mzito kwake. Mwanawe Daniel alifariki mwaka 1859 akiwa na miaka 20, na binti yake Blandine akafariki mwaka 1862. Mwaka 1863 alihamia katika nyumba ya watawa nje kidogo ya mji. Wachapishaji wa Leipzig wakamwomba amalize simfoni zote 9 za Beethoven.

Alikubali, na kazi ilikwenda vizuri hadi sehemu ya mwisho ya Simfoni ya 9. Hapo Beethoven ameongeza waimbaji wanne na kwaya kubwa juu ya okestra nzima. Liszt alijaribu, kisha akawaandikia wachapishaji kwamba kazi hiyo haiwezekani kwa mikono miwili na ni bora iachwe. Wao wakamsihi ajaribu tena. Akarudi mezani na kuimaliza. Simfoni zote 9 zilichapishwa mwaka 1865.

Tunaona kwamba hapo ndipo ukubwa wake unapoonekana. Aliyesema haiwezekani hakuwa mwanafunzi, alikuwa mpiga piano mashuhuri kuliko wote wa zama zake.

Liszt alifariki tarehe 31 Julai 1886 mjini Bayreuth, Ujerumani, akiwa na miaka 74. Hadi miaka ya mwisho alikuwa akifundisha vijana bila kuwatoza ada, kama Czerny alivyomfanyia yeye.

Kwa nini bado zinapigwa?

Santuri na redio zilipokuja, wengi walidhani vitabu vile vimemaliza kazi. Haikuwa hivyo. Glenn Gould wa Kanada alirekodi Simfoni ya 5 miaka ya 1960, na Cyprien Katsaris akarekodi zote 9 miaka ya 1980. Bado ni mtihani mkali. Katika okestra, mpiga tarumbeta hupumzika wakati fidla zinafanya kazi. Mpiga piano hana wa kumpokea. Simfoni ya 9 huchukua zaidi ya saa moja, na muda wote huo mzigo ni wake.

Ukipata nafasi, tafuta mvua ya radi ya Simfoni ya 6 ikipigwa na okestra, kisha uisikilize kwa piano. Usihesabu kilichopungua. Sikiliza kama bado unaisikia mvua.